Balozi wa Nyumba Kumi Afungua Akaunti Dubai

Mimi nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na kwa miaka 11 nimekuwa nikivifuata Dubai mara mbili au tatu kwa mwaka nikiwa nimefunga dola kiunoni kwa mkanda ambao mama watoto aliushona kwa mkono wake, akauwekea vifungo vingi kiasi kwamba mwizi angelazimika kuniomba nimsaidie kuvifungua. Mkanda huo ndio ulionitia katika balaa hili. Agosti 2024 Deira, upande wa maduka wa Dubai, ilikuwa inachemka, jasho likapenya hadi kwenye mtaji, na nilipofika dukani kulipia mzigo nikatoa noti zilizolowa chapachapa. Mwenye duka hakunigombeza. Alizianika moja moja juu ya meza kama mtu anayeanika dagaa, akaniuliza kwa upole kwa nini sifungui akaunti hapo hapo Dubai kama wafanyabiashara wenzangu.

Nikaona ni neno la busara. Nikapanda abra, mashua ya abiria, kuvuka Khor, mkono wa bahari unaoukata mji, nauli dirham 1, na hiyo dirham 1 ndiyo gharama pekee katika habari hii ambayo siijutii.

Kwenye benki nilipokelewa na binti wa Kikenya ambaye, alipoiona pasipoti yangu, alikiweka Kiingereza pembeni. "Karibu, mzee. Umetoka Dar?" Moyo wangu ulitulia, kwa maana nilijua kwamba mahali penye mtu wa kusema naye Kiswahili hapakosi njia. Njia ilikuwepo, ila ilikuwa ndefu. Alinieleza kwamba mtu asiye mkazi hapewi akaunti ya hundi bali ya akiba tu. Kwamba kwa kuwa sina kitambulisho cha Emirates, ushahidi wote wa kuwepo kwangu duniani utatoka nyumbani. Na kwamba salio halitakiwi kushuka chini ya dirham 100,000. Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo hapakuwa na matumaini hata ya kusubiri ishuke: hizo ni zaidi ya dola 27,000. Nilimwuliza kama salio hilo ni la tawi zima au ni langu peke yangu. Akacheka, akasema nikipungukiwa sitafukuzwa, nitakatwa ada kila mwezi. Yaani nitatozwa faini kwa kosa la kutokuwa na fedha, kosa ambalo nyumbani nimelitenda miaka mingi bila kutozwa chochote.

Nilikubali ada. Kilichonishinda ni uthibitisho wa makazi.

Binti alitaka bili ya umeme yenye jina langu. Nilimwonyesha ujumbe wa LUKU kwenye simu, tarakimu 20 zilizopangika vizuri, lakini tarakimu hazina jina, na hata zingekuwa nalo lingekuwa la marehemu baba wa mwenye nyumba, ambaye kwa mujibu wa mita anaendelea kutumia umeme mpaka leo. Akataka bili ya maji. Maji ninayanunua kwa kijana wa mkokoteni, na huyo haandiki bili, hukumbuka tu, tena hukumbuka zaidi ya nilichochota. Akaomba anwani ya posta. Sanduku ninalotumia ni la shule ya msingi alikofundisha mjomba wangu, na mjomba alistaafu zamani. Hatimaye nikakumbuka kwamba mwaka 2022, kuelekea sensa, serikali ilitupatia anwani za makazi na nyumba yetu ikapigiliwa kibao chenye namba. Picha ninayo! Nikamfungulia kwa fahari: kibao, ukuta, na mbuzi wa jirani amesimama mbele akificha tarakimu ya mwisho. Binti aliitazama kwa heshima, akasema benki haipokei picha za ukuta.

Naomba nieleweke. Mtaani kwetu sihitaji uthibitisho. Mtu akishuka kituoni akiuliza nyumba ya muuza mapazia, ataelekezwa na muuza chapati, ataonywa kuhusu mbwa wa kona ya pili, na kabla hajafika nitakuwa nimeshapigiwa simu kwamba kuna mtu anakuja na amevaa shati la namna gani. Watu wote hao wananijua, ila hakuna hata mmoja wao anayekubalika kubanwa kwa pini kwenye fomu.

Nikarudi Dar. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliniandikia barua papo hapo bila kuniuliza swali, kwa sababu amenijua tangu nikiwa na nywele. Kwa kuwa barua ilikuwa ya Kiswahili ilibidi itafsiriwe, tafsiri ikathibitishwa na wakili, sahihi ya wakili ikathibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na muhuri wa wizara ukathibitishwa na ubalozi, kila mmoja akimthibitisha aliyemtangulia na hakuna hata mmoja aliyefika kuangalia kama kweli ninaishi pale. Ilipokamilika, mihuri ilikuwa mingi hadi jina la mtaa halisomeki. Kuhusu pasipoti kuandika Ramadhan na kitambulisho cha NIDA kuandika Ramadhani, niseme tu kwamba herufi i inaweza kuapiwa mbele ya wakili, na kwamba kiapo hicho nacho hulipiwa.

Septemba nikavuka tena Khor nikiwa na bahasha. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi. Ilitaka kujua kama mimi ni Mmarekani, kwa ajili ya sheria waliyoitunga wenyewe mwaka 2010 ya kuwafuatilia raia wao hata kwenye benki za watu wengine. Nilizaliwa Kilwa Kivinje, na sidhani kama kuna mtu Washington anayenitafuta. Ilitaka chanzo cha fedha. Niliambatisha risiti za EFD, ile mashine ya kodi, leseni na taarifa za benki za miezi 6, lakini ndani ya taarifa hizo kulikuwa na shilingi milioni 4 zilizoingia siku moja, nami nikajikuta namweleza msimamizi wa yule binti, aliyevaa suti na asiyejua Kiswahili, maana ya upatu: kwamba wanawake 20 humpa mmoja wao fedha kila wiki kwa zamu, bila mkataba, bila riba, na mama watoto alipopokea zamu yake alinikopesha. Akauliza ni nini kinachowazuia kukimbia na fedha. Nikamwambia ni wale wanawake 19 waliobaki. Hilo alilielewa upesi.

Ndipo binti akaniuliza, kwa sauti ya chini kama ya daktari anayeuliza ugonjwa wa aibu, kama ninafahamu kwamba Tanzania imo katika orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, wale wakaguzi wa fedha haramu walioko Paris. Nilifahamu, kwa kinyozi wangu magazeti hayasomwi nusu. Tuliingizwa Oktoba 2022, na wakati huo tulikuwa bado hatujatolewa. Nikamkumbusha kwamba wenyeji wetu wa Emirates nao walikuwa humo humo tangu Machi 2022 na wametolewa Februari 2024, kwa hiyo tumelala wodi moja, wao wakatangulia kuruhusiwa na sasa wanatuuliza kama tunakohoa. Binti akainamisha macho. Februari hiyo hiyo waliyotoka wao, Kenya ndiyo iliyoingia.

Yote hayo nilikuwa nimeyavuka. Kilichoniangusha ni ukweli wangu. Fomu iliuliza kama nimewahi kushika wadhifa wa umma, na mimi kuanzia 2014 hadi 2019 nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Binti yangu wa kidato cha tatu, aliyenisaidia kuijaza kwa Kiingereza, aliliandika neno balozi kama lilivyo katika kamusi ya shule. Msimamizi aliposoma alisimama. Nilihamishwa kutoka kwenye benchi hadi kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, ikaletwa tende, ikaletwa kahawa kwenye vikombe vidogo, meneja akaja mwenyewe kunipa mkono wa pili juu ya wa kwanza na kuniuliza kwa unyenyekevu nilikuwa nikiiwakilisha Tanzania katika mji mkuu gani.

Ilibidi yule binti aitwe atafsiri. Kwa bahati Kenya nao wana Nyumba Kumi yao, kwa hiyo alieleza vizuri, labda vizuri kupita kiasi, kwamba mzee huyu alikuwa anasimamia nyumba 10 na kwamba kesi kubwa aliyoiamua ilihusu bata. Meneja alitabasamu. Tende hazikuondolewa, lakini kikombe cha pili hakikuja, na mtu fulani alipunguza kiyoyozi.

Hata hivyo kompyuta ilikuwa imeshaandika, na kilichoandikwa na kompyuta hakifutwi na binadamu wa tawi. Nimeingizwa katika kundi la wanasiasa wakubwa na watu wa karibu nao, wanaochunguzwa na makao makuu ili isije ikawa wameiba mali ya umma na kuificha ughaibuni. Nikapewa karatasi ya kutaja mali niliyoipata nikiwa madarakani. Niliandika: bata mmoja, nilimkataa.

Akaunti ilifunguliwa Oktoba kwa masharti, uchunguzi ukiendelea. Kadi ilitumwa kwa kampuni ya vifurushi isiyofika kwenye sanduku la posta, na kijana aliyeileta alipotea mara mbili akiifuata ramani ya simu, hadi alipoiacha ramani na kumwuliza muuza chapati.

Januari 2025 nikapokea ujumbe. Makao makuu yamekaribia kuridhika kuhusu yule bata, ila barua yangu ya makazi sasa imepita miezi 3, naombwa kuleta mpya. Nikaenda ofisi ya mtaa. Tangu uchaguzi wa Novemba 27 tuna mwenyekiti mwingine, kijana niliyemwona akijifunza kuendesha baiskeli mbele ya kibaraza changu. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwanangu, nataka barua." Akaniambia kwa adabu kubwa kwamba yeye ananifahamu sana, lakini ofisi hainifahamu, kwani rejista aliyokabidhiwa imeanzia nyumba ya jirani, kwa hiyo nioneshe karatasi yoyote inayothibitisha makazi. Kitambulisho nilikuwa nimekiacha dukani. Nikapapasa mfukoni, nikatoa kitu pekee kilichokuwa na jina langu, kadi ya benki, inang'aa, haijatumika hata mara moja.

Aliigeuza mbele na nyuma.

"Mzee, hii ni ya Dubai," akasema. "Hapa inaonekana unaishi Dubai."