Ugonjwa Wangu wa Dagaa

Nyumba niliyopanga Tanga ilikuwa na masharti mawili: kodi kabla ya tarehe 5, na paka marufuku. La kwanza lilinishinda mapema. La pili lilinishinda siku paka wa mtaani alipopenya dirishani, akaingia uvunguni mwa kitanda changu na kuzalia watoto wanne ndani ya boksi la viatu.

Mwanzoni sikuwa na kazi. Mama alinyonyesha, alilamba, alisafisha. Mambo yaligeuka meno yalipoota. Ukitaka kujua makali ya meno ya mtoto wa paka, muulize mwenye chuchu nane. Kila wakimkimbilia, huyooo, juu ya kabati, kawapa mgongo. Watoto wakawa wanalia usiku kucha.

Maziwa ya ng'ombe sikuwapa. Yanawaharisha, na anayelala juu ya uvungu ule ni mimi. Nikanunua dagaa, nikawatoa vichwa, nikawachemsha bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kwa paka ni sumu, nikawatwanga mpaka wakawa uji. Nikaumimina kwenye sahani bapa ungali vuguvugu.

Wa kwanza aliingia mzima mzima, akakaa katikati. Wa pili akamlamba wa kwanza. Wa tatu akatia pua, akavuta pumzi, akapiga chafya iliyofika kwenye chandarua. Huwezi kuwalaumu: tangu wazaliwe wananyonya vichwa vikiwa juu, leo unawaambia wainame. Wa nne, mweusi, alinikazia macho kama mwalimu anayesubiri jibu. Nikaelewa. Anataka mfano.

Nikapiga magoti, viganja sakafuni, ulimi nje. Nyau. Nikalamba. Tena nilikuwa nalamba vizuri tu, hata yule mweusi kaanza kusogea, mara mlango ukafunguka baada ya hodi ambayo sikuisikia. Viatu vya mwenye nyumba vilipogonga sakafu, watoto wote wakatokomea uvunguni. Tukabaki mimi, yeye na sahani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakitazama kidevu changu. "Mwanangu, unafanya nini?"

Nikapiga hesabu haraka. Nikitaja paka, nafukuzwa. Nisipotaja, nina wazimu. Wazimu haumo kwenye masharti.

"Nakula, mzee."

Akameza mate. Alikuwa amefuata kodi, daftari liko kwapani. "Ya kodi tutaongea ukipata nafuu," akasema, akatoka kinyumenyume.

Jioni mkewe akaleta hotpoti: wali wa nazi na changu wa kukaanga. Kesho yake mchuzi wa pweza. Kila akiniandalia alipandisha sauti kidogo, kama vile maradhi yangu yameshuka masikioni: "Mezani, mwanangu. Kwenye kiti." Nilinenepa. Watoto wa paka nao, kipande cha changu nikikiosha chumvi na kukichambua miba, walikipokea bila mafunzo yoyote.

Kisha wakamleta maalimu anisomee. Chumba kikajaa majirani na moshi wa ubani. Dua ilipofika katikati, uvunguni kukasikika, "Nyau."

Kimya. Maalimu akaongeza sauti. Nyau zikawa mbili, zikawa tatu.

"Wanatoka!" akapiga kelele mama wa chumba cha mbele. "Wanamtoka hao!"

Wakati huohuo mama paka akatua kutoka dirishani na mjusi mzima mdomoni. Naye kumbe alikuwa ameanzisha darasa lake. Ndivyo wanavyofanya, huwaletea wanao kiwindwa kikiwa bado kinapumua. Akakoroma ile sauti ya kuwaita, akamwachia mjusi katikati ya mkeka. Mjusi hakuona pa kujisitiri ila ndani ya kanzu ya maalimu. Wanafunzi wanne wakachomoka uvunguni kumfuata.

Watu walitoka kwa mlango, na mmoja kwa dirisha. Mwenye nyumba peke yake hakukimbia. Aliwahesabu paka kwa kidole, taratibu, akaitazama ile sahani, halafu akanigeukia, uso umemchanua.

"Kumbe una akili timamu!"

"Timamu kabisa, mzee. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," akasema, akichomoa daftari kwapani. "Haya, ni miezi mingapi vile?"