Sauti ya Mufasa ilikuwa na mwenyewe

Mara ya kwanza nilipomsikia mwigizaji wa Kimarekani James Earl Jones sikujua kwamba ni yeye. Ilikuwa Jinja, Uganda, katika kibanda cha video chenye turubai nyeusi madirishani na mabenchi yaliyogongomewa kwa haraka, na VJ, yaani yule mfasiri anayekaa pembeni na maikrofoni yake akitueleza filamu kwa Kiganda, alikuwa akiwasemea wahusika wote, mfalme na fisi vilevile. Alipotulia kidogo anywe maji, ikapenya kutoka kwenye spika sauti nzito, ya taratibu, ambayo hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Alikuwa Mufasa, yule mfalme wa simba, akimwasa mwanawe. Kwetu sisi watoto wa askari, tuliokuzwa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowaunganisha watu wa kambini, palikuwa na kichekesho cha ziada: filamu ya Kimarekani ya mwaka 1994, The Lion King, yenye akina Simba, Rafiki na Pumbaa, inasemwa kwa Kiingereza, nasi tunaelezwa kwa Kiganda.

Jones alipofariki tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 93, wengi walimlilia kama mtu aliyejaliwa sauti na Mungu. Sibishani na Mungu, lakini naona maelezo hayo yanamnyima mzee haki yake. Alizaliwa Arkabutla, Mississippi, mwaka 1931, akalelewa na wazazi wa mama yake, na walipohamia Michigan akiwa mtoto mdogo alishikwa na kigugumizi kikali hata akaamua kunyamaza. Kwa takriban miaka minane hakusema na watu ila kwa shida. Kilichomfungua ni mwalimu wake, Donald Crouch. Kijana alikuwa ameandika shairi kuhusu balungi, na mwalimu akamwambia kwamba ni zuri mno kuwa lake. Kama kweli ni lake, basi asimame alighani kwa moyo mbele ya wenzake. Akasimama, akaghani, na ulimi haukukwama. Aliyewahi kuwa na kigugumizi, kama nilivyokuwa mimi hadi darasa la sita, anajua kwamba ulimi ukishafunguka kazi ndiyo inaanza: kuchagua neno kabla halijakuchagua, kuvuta pumzi mahali pake, kutokimbilia mwisho wa sentensi. Ile taratibu ya Mufasa iliyotushika kibandani, mimi naisikia kama taratibu ya mtu aliyejifunza kuyapima maneno kwa sababu zamani yalimgharimu.

Jukwaani alipata tuzo ya Tony mwaka 1969 kwa kuigiza bondia katika The Great White Hope. Kwenye televisheni alimwigiza Alex Haley, mwandishi wa Roots, mwaka 1979, na mwaka 1991 akapata tuzo mbili za Emmy kwa mpigo. Hata hoteli za Kampala ambazo hazijawahi kuonyesha mchezo wake hata mmoja zilimsikia, maana ndiye aliyekuwa akilitaja jina la CNN kwa ile sauti ya radi ya mbali.

Lakini linalonigusa zaidi ni suala la Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars. Mwaka 1977 mwili ndani ya vazi lile jeusi ulikuwa wa Mwingereza David Prowse, na sauti ikawa ya Jones, aliyelipwa dola 7,000. Yeye mwenyewe aliomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa aliona mchango wake ni sehemu tu ya ufundi wa filamu, na halikuandikwa hadi filamu ya tatu, mwaka 1983. Miaka mingi baadaye, uzeeni, aliridhia sauti yake itengenezwe kwa kompyuta na kampuni ya Ukraine iitwayo Respeecher, na mwaka 2022 Vader akasikika hivyo katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi. Wapo waliokasirika. Mimi sikukasirika, kwa sababu katika mambo yote mawili, kulificha jina na kuikabidhi sauti kwa mashine, kauli ilikuwa yake.

Nasema haya kwa kuwa nami hula kwa sauti, ingawa ni makombo. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, mimi binafsi nimekuwa nikiitwa mara kwa mara kusoma matangazo, kwa kawaida katika chumba kidogo ambacho kuta zake zimeegemezwa magodoro ili mwangwi usiingie. Tangazo moja nililipwa mara moja tu, mkononi, bila karatasi. Mwaka wa tatu sasa bado nalisikia kwenye teksi, isipokuwa bei imebadilika: nikifika kwenye tarakimu napotea ghafla, mtu mwingine anataja bei mpya, kisha narudi kushukuru wateja.

Najua utaniuliza kuhusu VJ wetu. Kweli, naye hakumwomba Jones ruhusa, na kazi hiyo ninayoipenda kuliko sinema zenyewe ilijengwa juu ya filamu za wenyewe. Hata hivyo yeye hujitaja kwa jina filamu inapoanza, na jina hilo ndilo linalotujaza kwenye mabenchi. Laiti angepata mkataba wa kumlinda, nina hakika angejua pia kuheshimu mkataba wa mwenzake.

Wiki iliyopita nimeletewa ujumbe na watu nisiowafahamu, wakitaka nisome dakika 30 za sentensi zisizohusiana, moja kuhusu mvua, nyingine kuhusu nauli, nyingine ni hesabu kuanzia moja hadi mia. Malipo ni mazuri kuliko ya tangazo. Nimewauliza sentensi hizo ni za nini na sauti itatumika mpaka lini. Mpaka naandika hapa, wamejibu tu kwamba nisome kwa uchangamfu.