Punda Anayeyumba Hapigwi Nyundo

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya wafugaji. Farasi mkubwa kasimamishwa bandani, jamaa kapanda juu ya ndoo, ana nyundo ya mpira mkononi, anagonga mgongo: ko, ko, ko. Farasi anapiga miayo, watazamaji wanapiga makofi, maandishi yanasema alikuwa mkorofi na sasa kapona. Sawa, klipu ni klipu. Kilichonipandisha hasira ni majibu ya huku kwetu. Haikupita muda akajitokeza mtu anayetangaza huduma hiyo kutoka Igurusi hadi Makambako, farasi na punda, eti "mfupa uliohama unarudishwa papo hapo". Chini yake foleni: wangu anaburuza miguu ya nyuma, njoo, wangu anataka kuanguka akigeuka, njoo, wangu kabadilika ghafla, anang'ata watu, njoo haraka.

Hao watatu ndio hasa ambao mtu huyo hatakiwi kuwagusa.

Tuanze na huo mfupa. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za kifua, 6 za kiuno, halafu 5 za nyonga zilizoungana kuwa kitu kimoja. Punda kwa kawaida ana 5 za kiuno. Ukipitisha kidole katikati ya mgongo unagusa ncha za miiba ya pingili tu. Pale juu ya mabega ya farasi mwiba mmoja unaweza kuzidi sentimita 20, na pingili yenyewe, pamoja na ugwe mgongo, ile kamba ya neva itokayo kwenye ubongo, unaopita ndani yake, iko chini huko, imefunikwa na misuli na kano nene. Pingili ya mnyama huyu ikihama kweli, ugwe unabanwa na mnyama yuko chini, hasimami kukusubiri upande kwenye ndoo. Mkono unaohisi "mfupa umetoka" mara nyingi umeshika msuli uliokaza upande mmoja au uliokonda upande wa pili.

Kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili ambayo mgonga nyundo anaiiga, ilianza mwaka 1895 kule Davenport, Iowa, Marekani, Daniel David Palmer alipodai kumrudishia mtu usikivu kwa kusukuma pingili. Kwa mwanzo wa namna hiyo mtu ana haki ya kukunja uso. Lakini nitakubali, shingo upande: aliyesomea kazi hiyo, anayetumia mkono, msukumo mfupi wa haraka kwenye kiungo kimoja kilichokakamaa, anaweza kumpunguzia farasi maumivu na kumfanya apinde mgongo vizuri zaidi kwa muda. Tatizo ni kwamba aliyekakamaa na anayeyumba ni wagonjwa wawili tofauti. Anayeyumba ana hitilafu kwenye ugwe au ubongo. Kama ni ugwe uliobanwa shingoni, ukimzungusha shingo kwa nguvu unaweza kumaliza kazi ambayo ugonjwa uliianza.

Kuwatofautisha hakuhitaji mashine. Kunahitaji watu wawili, kamba, uwanja usioteleza, na mteremko mdogo, ambao Mbeya haujawahi kuadimika. Mwenzako amwongoze mnyama polepole, mstari ulionyooka, wewe simama pembeni uangalie kwato. Anayechechemea kwa maumivu hurudia kosa lilelile kila hatua: kichwa kinapanda mguu uleule unapokanyaga, hatua fupi upande uleule. Mwenye tatizo la neva hana mpangilio. Kwato inatua ndani, hatua inayofuata inatua nje, nyingine inakwaruza ardhi, kwa sababu mguu wenyewe hajui uko wapi.

Kisha mgeuze kwenye duara dogo, kushoto na kulia. Mguu wa nyuma wa upande wa nje ukitupwa mbali kama ufagio, au wa ndani ukibaki umekanyaga na mwili ukauzungukia, weka alama. Mrudishe kinyumenyume hatua tano: anaburuza ncha za kwato? Mwongoze kichwa kikiwa kimeinuliwa, apande mteremko na kushuka. Wagonjwa wengi waliojificha kwenye uwanja tambarare hujianika hapo. Mwisho, mkia. Tembea sambamba na nyonga yake, kamwe usiwe nyuma, shika mkia, na wakati anatembea vuta kuelekea kwako taratibu, achia, rudia. Mzima anakukatalia na kuendelea na safari. Mgonjwa anakufuata, anapishanisha miguu, anapepesuka. Fanya pande zote mbili. Ukimaliza, angalia ncha za kwato za nyuma: zilizolika kuliko kawaida zinasema tatizo si la juzi.

Ukiona hayo, hakuna kupanda, hakuna kubebesha, hakuna kuinua mguu wa nyuma ili kukata kwato, na usisimame katikati yake na ukuta. Mwite daktari wa mifugo.

Sasa stoo. Huku Nyanda za Juu Kusini mnyama akianza kuyumba ghafla, mahali pa kwanza pa kuangalia ni gunia la mahindi, na hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri. Sumukuvu tumeisikia mpaka tumechoka, redioni, kwenye mikutano ya kijiji. Tumeelewa nini? Kwamba mahindi yaliyooza tusisage kwa ajili ya watoto. Vizuri. Yanakwenda wapi? Kwa punda. Na chenga, na pumba ya mashine iliyolowa, na magunzi yaliyoachwa nje kwenye ukungu wa asubuhi: kwa punda. Na farasi wa mashamba ya Iringa na Mufindi, wachache walivyo, nao wanamwagiwa pumba ya bei rahisi.

Kuvu anayeitwa Fusarium huingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa mvua ikichelewa kukatika au bua likitobolewa na wadudu, kisha huendelea ghalani nafaka ikihifadhiwa mbichi. Sumu yake, fumonisini, ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Ng'ombe huivumilia vizuri kiasi. Farasi na punda hawaivumilii: inayeyusha sehemu nyeupe ya ubongo, narudia, inayeyusha. Kwa wiki kadhaa anakula bila kuonyesha kitu. Halafu siku moja hamalizi chakula, mdomo unalegea, anazunguka upande mmoja, anasukuma kichwa ukutani, anagonga vitu kama kipofu, na mara nyingi ndani ya siku 3 amekufa. Dawa ya kuirudisha hiyo sehemu ya ubongo haipo. Marekani wanashauri mahindi ya kulisha farasi yasizidi fumonisini sehemu 5 kwa milioni, na mahindi hayo yasizidi asilimia 20 ya mlo. Wewe huna kipimo hicho bandani, na punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu. Unachoweza kufanya ni kukausha kabla ya kuhifadhi, kupepeta chenga na punje zilizovunjika na kuzitupa kabisa, maana sumu hujikusanya humo na kwenye pumba, na kumpa mnyama majani makavu kama mlo mkuu. Kumwita mgonga nyundo kwa mnyama mwenye ubongo unaoyeyuka ni kulipia maonyesho kabla ya maziko.

Anayebadilika tabia ghafla na kung'ata: kichaa cha mbwa hadi kithibitike vinginevyo. Usiingize mkono mdomoni kutafuta "kilichokwama". Aliyekakamaa kama mbao, masikio wima, mkia umenyanyuka, ana kidonda: pepopunda. Aliyekonda, homa ya kuja na kuondoka, nyuma kumelegea, na anachungia upande wa Pawaga na Idodi kwenye mbung'o: apimwe damu kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, maabara ya mifugo ipo Iringa.

Ukishayaondoa hayo yote, ndipo tuzungumzie maumivu. Mengi tunayoyaita ukaidi yanapatikana hapa. Nira ya maksai juu ya shingo ya punda: punda hana nundu ya kuizuia, kwa hiyo mti unasaga pingili za shingo na kubana koo. Punda huvuta kwa kifua, mkanda laini wa upana wa sentimita 8 hadi 10, chini ya koromeo na juu ya ncha ya bega. Mzigo wa mgongoni unataka mito miwili yenye nafasi ya vidole vinne katikati, ili uti wa mgongo usiguswe. Na ule mzigo wenyewe! Punda wa kilo 150 anafaa kubeba kilo 50. Sisi tunampakia lumbesa, akisimama tunamchapa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, imetulia kwenye makabati. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Meno: bonyeza shavu kwa nje, ukifuata mstari wa magego ya juu, akishtuka, yana makali yanayomchana, na ndiyo sababu anatupa kichwa ukivuta hatamu.

Kinachorudisha mwendo hakina makofi, ndiyo maana hakuna anayekirekodi. Daktari akisharuhusu, anza kwa kumtembeza kwa mkono dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, ardhi kavu. Siku mvua inaponyesha Rungwe na udongo unateleza, acha. Kisha mvushe juu ya fito 4 hadi 6 zilizolazwa chini. Usitumie milingoti ya mviringo, inabingirika chini ya kwato. Chukua mabanzi ya mbao za Mufindi, upande bapa chini. Nafasi kwa farasi ni kama sentimita 80 hadi 90. Kwa punda pima mwenyewe: mtembeze kwenye udongo laini, pima kutoka alama ya kwato ya mbele kushoto hadi alama inayofuata ya kwato hiyohiyo, gawa kwa mbili. Akishavuka bila kugonga kwa wiki mbili, inua ncha moja ya kila banzi kwa tofali, sentimita 10, mara kushoto mara kulia.

Karoti inafanya kazi ambayo nyundo haifanyi. Mwegeshe upande mmoja ukutani asihamishe miguu, wewe ukae upande ulio wazi (hili ni kwa asiyeyumba tena). Mvute pua kwa kipande cha karoti hadi kifuani, kisha katikati ya magoti, kisha ubavuni, kisha kuelekea nyonga. Ashikilie sekunde 5 au zaidi, mara 5 kila mkao, siku 5 kwa wiki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulipima farasi waliofanyishwa hivyo kwa miezi 3, na misuli midogo inayoshika pingili ilinenepa. Watu huharibu kwa haraka: wanampa karoti akiwa ameinyakua tu, hakuna kushikilia, au wanarudia mpaka amechoka na kuanza kujikwaa, kisha anajifunza kujikwaa.

Panda kilima kabla ya kumzoeza kushuka. Rudia vipimo vya mkia na duara kila baada ya wiki mbili, mtu yuleyule, uwanja uleule, na uandike. Tabia ya zamani inaweza kubaki hata maumivu yakiisha, kwa hiyo tandiko lirudi polepole, kwanza bila mkanda.

Miezi mitatu ikipita na bado anapepesuka mkia ukivutwa, huyo hapandwi tena na habebi tena. Abaki malishoni kama anaweza kusimama, kula na kulala bila shida. Kama hawezi, daktari ammalize bila mateso. Njia ya tatu, ambayo wengi wenu mnaijua, ni kumpeleka mnadani asubuhi akiwa amepumzika, kumuuzia mtu wa kijiji cha mbali, na kunyamaza. Huyo mnunuzi atampakia mtoto wake mgongoni.