Sabuni ya 1980 na Bili ya Gesi ya Dortmund

Tarehe 18 Machi 2025 nilikuwa zamu ya mchana katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Dortmund. Televisheni ya chumba cha mapumziko ilikuwa inaonyesha Bunge la Ujerumani likipiga kura kubadilisha katiba. Wabunge 513 walisema ndiyo, 207 wakasema hapana. Kwa mabadiliko hayo, fedha za ulinzi zinazozidi asilimia 1 ya pato la taifa hazihesabiwi tena kwenye kikomo cha kukopa, kile ambacho Wajerumani wenyewe wanakiita breki ya madeni. Juu yake ukaongezwa mfuko wa mkopo wa yuro bilioni 500 kwa ajili ya madaraja, reli na mengineyo.

Mwenzangu wa zamu, Mjerumani mwenye miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii, aliweka kikombe chake mezani. "Kila mwaka tunaomba mtu mmoja wa kutusaidia usiku, tunaambiwa hela hakuna," akasema. "Leo zimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mawazo yangu yalikuwa Mwanza, kwenye karai la mama la kufulia.

Nilikuwa na miaka saba Vita vya Kagera vilipopamba moto. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilitaka kupiga mji wetu na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Sisi watoto tuliwazungumzia swala wale wiki nzima. Wakubwa walikuwa na hofu nyingine, na mimi nilikuja kuielewa baadaye sana. Baba mdogo alikuwa utingo wa lori la pamba. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na mgambo Kagera, na lori lile likaenda. Baba mdogo akabaki barazani, na pamba ikabaki ghalani.

Pamba, kahawa na katani ndizo zilizotuletea fedha za kigeni. Fedha za kigeni ndizo zilizonunua mafuta, vipuri na malighafi za viwanda, vikiwemo vya sabuni. Sasa fedha hizo zikawa zinanunua risasi na dizeli ya vifaru, katika kipindi kilekile ambacho bei ya mafuta duniani ilipanda zaidi ya maradufu, na miaka miwili tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kutuachia mzigo wa kuanzisha upya reli na shirika la ndege. Gharama ya vita inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Nchi maskini ililipa karibu yote peke yake. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18.

Miezi 18 ilipita, mama akawa bado anafua kwa majani ya mpapai. Aliyaponda kwenye kinu, akayasugua kwenye nguo mpaka yatoe povu jembamba. Shati langu la shule lilibaki na ukijani kwenye kola, na harufu ya majani mabichi ikanifuata darasani. Nikiipata harufu ile hata leo, foleni ya duka la kaya inanirudia yote, na mama kasimama ndani yake tangu alfajiri kwa tetesi tu kwamba sukari imekuja.

Naomba nieleweke. Amin alituvamia, akalipua daraja la Kyaka, akatangaza kuwa ardhi yetu ni yake. Mwalimu aliposema nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunao, alikuwa sahihi, na mama hajawahi kunung'unika kuhusu vita vyenyewe. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwekea mama hesabu mezani. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Mjadala ule ulikuwa wa maisha yetu, lakini ulifanyika ndani, sisi tukaona foleni tu. Kisha 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na aliyekuwa na bidhaa nyumbani akaonekana mwizi. Jirani yetu, mama wa watoto watano, alizitupa ziwani usiku doti zake za khanga kwa woga. Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa madarakani, tulifikia makubaliano na IMF.

Hapa Ujerumani vita haviko kwenye ardhi yao. Lakini kabla ya 2022 zaidi ya nusu ya gesi waliyoagiza nje ilitoka Urusi, kwa hiyo Ukraine ilipovamiwa bili ilifika mpaka kwangu: malipo yangu ya mwezi ya kupasha joto nyumba yalitoka yuro 85 hadi 190. Bei za vitu mwaka ule zilipanda kwa wastani wa asilimia 6.9. Hata hivyo sikukosa sabuni hata siku moja. Serikali ilitangaza yuro bilioni 200 za kupunguza makali ya nishati, pamoja na bilioni 100 za jeshi, kwa sababu wakopeshaji wanaiamini. Nchi yenye uwezo wa kukopa haigusi karai la mama. Inaandika deni, na wajukuu watalikuta.

Shinikizo linatokea kwenye siasa. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta uamuzi wa serikali wa kuhamishia mfuko wa tabianchi mkopo wa yuro bilioni 60 ulioidhinishwa kwa ajili ya korona. Januari 2024 wakulima walijaza matrekta Berlin kwa hasira ya kukatwa ruzuku ya dizeli. Tarehe 6 Novemba 2024 Kansela Scholz alimfukuza Waziri wa Fedha Lindner, wakigombania kukopa zaidi, msaada wa Ukraine ukiwemo, na serikali ikavunjika. Kwenye uchaguzi wa Februari 2025 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, walipata asilimia 20.8, mara mbili ya 2021. Si vita peke yake vilivyofanya hivyo, najua. Lakini hela zikibana, sisi wageni ndio wa kwanza kutajwa, na nimeyasikia hayo kwenye basi ninalopanda kila siku.

Pamoja na hayo nawaonea wivu: ugomvi wa Scholz na Lindner ulikuwa hadharani, tarakimu zikiwa kwenye kila gazeti. Ndiyo maana kura ya Machi ilinikera. Wananchi walikuwa wameshachagua Bunge jipya, ambamo theluthi mbili inayotakiwa kubadilisha katiba isingepatikana kirahisi, lakini wanasiasa wakaamua kuliita lile la zamani limalize kazi kabla halijaondoka. Mimi naunga mkono Ukraine isaidiwe, maana najua kuvamiwa ni nini. Wangesubiri siku chache tu, wakawaomba kura hiyo watu waliochaguliwa.

Usiku huu naingia zamu tena. Ghorofa mbili, wazee 41, na niko peke yangu.