Pangaboi, Chandarua na Mama Mkwe

Mama mkwe alipopiga simu kwamba anashuka kutoka Njombe mwezi wa kwanza, nyumbani kikaitishwa kikao cha dharura. Njombe kuna asubuhi za Julai ambazo sakitu hulala juu ya majani. Dar es Salaam mwezi Januari hata ndala zinatoka jasho. Ajenda ilikuwa moja: mama alale na upepo gani?

Mke wangu alitaka kiyoyozi. Nikashika kalamu. Pangaboi la kawaida linakula wati 75. Likizunguka kwa muda wa saa 10 usiku mzima, LUKU inapungua kwa uniti 0.75. Kiyoyozi, hata kidogo, kinapokuwa kazini hula mara kadhaa ya hapo. Feni ya kusimama ni nafuu, lakini waya wake ungekatiza mlangoni, na mama mkwe akijikwaa saa nane za usiku akielekea msalani, mimi ndiye nitakayeitwa mbele ya ukoo. Pangaboi likapita bila kupingwa.

Chumba kilikuwa futi 10 kwa 10, dari futi 9. Nilinunua pangaboi la inchi 56, yaani kutoka katikati hadi ncha ya panga ni sentimita 71. Kumbuka hiyo 71.

Fundi alikuja na bisibisi moja na imani kubwa. Alitaka kulifunga kwa skrubu kwenye jipsamu. Nikamwambia jipsamu hubeba rangi na heshima ya nyumba, haibebi mashine ya kilo 5 inayojitikisa. Tukapanda darini, tukalaza mbao ya mbili kwa nne juu ya mbao mbili za kenchi, tukagongea misumari ya inchi 4, ndoano ikapita mpaka juu ya mbao na kukazwa kwa nati. Bolti ya bomba linaloninginiza pangaboi ikapita, nati ikakazwa, na ile pini ndogo tukaipanua miguu yote miwili. Pini hiyo ndiyo inayozuia nati kulegea, nayo ndiyo mafundi huiacha ndani ya boksi. Mapanga yakakaa mita 2.4 kutoka sakafuni. Chini ya mita 2.1 mtu mrefu akivua shati anaacha vidole.

Tukawasha. Upepo ukashuka kama wa Kusi. Fundi akalipwa, akaondoka, na hapo ndipo akili yangu ilipoondoka naye.

Ndoano ya katikati ya dari hapo awali ilikuwa ya chandarua, kile cha duara chenye pete juu. Pangaboi lilipochukua nafasi yake, nilipigilia msumari mwingine sentimita 80 kutoka katikati. Hesabu niliipiga vizuri kabisa: 80 kutoa 71, inabaki 9. Nikatundika chandarua, nikajipongeza.

Nilichosahau ni kwamba pangaboi halitoi upepo kutoka patupu. Linavuta hewa ya juu na ya pembeni, ndipo linaisukuma chini. Kitambaa chepesi kikiwa jirani nalo kinavutwa. Kwenye kasi namba moja na namba mbili chandarua kilitikisika kidogo, kama mtu anayekataa kucheza ngoma. Mama mkwe saa sita za usiku akaona joto, akazungusha regulata hadi tano, akarudi kitandani, akachomeka chandarua chini ya godoro pande zote.

Nikasikia PA-PA-PA-PA, halafu "Baba wee! Nyumba inanichukua!"

Nilikuta pete ya chandarua inazunguka juu, kitambaa kimejisokota kwenye mota kama uzi kwenye bobini, na kwa kuwa alikuwa amekichomeka vizuri, godoro lilikuwa limeinuka kona moja. Mama ameketi katikati, ameshikilia kanga yake kwa mikono miwili akiwa tayari kwa safari. Nikakimbilia sakiti breka. Usihangaike na regulata katika hali hiyo: mota iliyokwama bado inavuta umeme, inanguruma na kuchemka.

Asubuhi, baada ya shikamoo niliyoitoa nikiangalia sakafu, tulikata kitambaa kwa mkasi. Kuwasha, pangaboi likanguruma bila kuzunguka. Fundi kwenye simu akasema mota imekufa, ninunue jipya. Nikasukuma panga kwa kijiti: likazunguka lenyewe, polepole. Basi mota ni nzima, kapasita, ile inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndiyo imechoka. Nikazima breka, nikafungua kikombe kinachofunika nyaya, nikaikuta imevimba. Nikaweka nyingine ya maikrofaradi 2.5 kama ilivyoandikwa kwenye ile ya zamani. Ukiweka kubwa ukidhani litakimbia zaidi, unachoma mota.

Likazunguka, lakini likicheza kama mlevi wa harusi. Mama mkwe ni fundi cherehani. Akavuta futi yake shingoni: "Panda, baba. Pima kutoka dari mpaka ncha ya kila panga." Panga la kwanza sentimita 31, la pili 31, la tatu 33 na nusu. "Pindo limeshuka," akasema. Mkono wa chuma wa panga hilo ulikuwa umepinda. Tuliunyoosha taratibu hadi 31, tukakaza skrubu zote. Mtetemo mdogo ulibaki. Akagandisha sarafu ya shilingi mia kwa utepe juu ya panga, akaihamisha panga hadi panga mpaka likatulia.

Chandarua kipya ni cha pembe nne, kimefungwa kwenye miti minne ya kitanda, paa lake liko mita 1.8 kutoka sakafuni. Nyavu hula upepo mwingi, kwa hiyo mama analiweka pangaboi namba nne. Akitoka chumbani analizima, kwa kuwa nimemweleza kwamba pangaboi linapooza mtu, halipoozi kuta.

Aliporudi Njombe aliniachia futi yake zawadi. Nimeitundika ukutani, sentimita 152 kutoka katikati ya dari. Nimepima mara mbili.