Kidole cha Mtu wa Mirihi

Jana kijana mmoja mwenye miwani na adabu zake alinisimamisha kwenye kituo cha daladala, akaniamkia, kisha akaniuliza swali ambalo sasa nimechoka kuulizwa: "Mzee, ile hadithi yako ya mtu wa Mirihi imenivunja mbavu. Ubunifu ule unautoa wapi?" Nilimjibu kwa utulivu unaomstahili mwandishi kwamba msukumo ni jambo la ndani ya nafsi, naye akaondoka ameridhika. Ubunifu gani? Mimi ni raia, nina laini ya simu, nina mita ya umeme na nina kitambulisho. Mtu mwenye vitu hivyo vitatu akikaa chini kubuni na vya kwake, anajitesa bure.

Kwa ambaye hakuisoma, hadithi ni fupi. Kiumbe mwenye macho matano kutoka sayari ya Mirihi anatua Dar es Salaam na chombo kilichoharibika, na haja yake ni moja tu, nayo ni kupiga simu kwao waje wamchukue. Akili ya kukata anga anayo, lakini alama za vidole hana, na kisa chote kinaishia mezani kwa wakala wa laini. Wasomaji wanacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwapo yalipotokea, na sikumwona mtu aliyecheka.

Laini yangu ilikuwa imefungwa bila kosa lolote, kwa ujumbe wa kistaarabu ulionitaka nikahakiki taarifa zangu. Nikaenda kwa wakala, ambaye ni binti mmoja aliyekaa chini ya mwavuli akiwa na kile kimashine chao, nikamsomea namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, tarakimu moja baada ya nyingine, huku foleni nzima ikisikiliza kwa makini kama darasa la dini. "Baba, kidole." Nikaweka gumba. Mashine ikawaza. "Hakisomi. Kina jasho, kifute." Nikakifuta kwenye shati. "Hakisomi. Sasa kimekauka mno, kipitishe kwenye paji la uso kipate mafuta." Nikakipitisha, mimi mtu mzima niliyevaa shati la mikono mirefu, mbele ya majirani. "Kwani baba unafanya kazi gani?" Nikamwambia kwamba mimi ni mwandishi. Akakishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga, akasema bila nia mbaya: "Mbona kama cha fundi ujenzi?"

Hapo foleni ikapata uhai. Mama mmoja mwenye beseni la samaki alishauri kisuguliwe kwa ndimu, mzee wa nyuma yake akasema ndimu ndiyo inayoviharibu, na kijana wa bodaboda akauliza kama vya mguuni navyo vinakubalika. Tulijaribu vyote 10 vya mikononi. Hatimaye kidole kidogo cha kushoto kikasomeka, binti akatabasamu, nami nikaanza kumshukuru Mungu, kisha tabasamu lile likaondoka taratibu. "Baba, inasema siyo wewe."

"Kama siyo mimi, ni nani?"

"Haisemi ni nani. Inasema tu siyo wewe."

Nilimweleza, kwa sauti ambayo bado ilikuwa na heshima ndani yake, kwamba nimekuwa mimi kwa muda mrefu sana, tena kwa gharama kubwa, na kwamba iwapo kuna mtu mwingine anayetaka nafasi hiyo basi ajitokeze tukabidhiane na madeni. Akanihurumia. Aliponyanyua mashine ajaribu tena, mtandao ukakata, na watu wote kwenye foleni wakatazama juu, jinsi tunavyofanya siku zote mtandao ukikata, utadhani ulikuwa ukining'inia kwenye mwarobaini. Na mimi nikatazama. Ndipo yule mtu wa Mirihi aliposhuka. Nilirudi nyumbani nikamwacha palepale, amepanga mstari nyuma ya mama wa samaki, ameshika vidole vyake laini visivyo na mstari hata mmoja.

Mengine yalijileta. Mahali anapodaiwa kibali cha kuingia nchini, naye akahoji mbona Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, kiliingia bila barua ya serikali ya mtaa na leo watu wanalipa kiingilio kukitazama, niliyaandika gizani, umeme umekatika, nikiwa na hasira zangu binafsi. Mhariri aliyeipitia hadithi hakuwa na neno juu ya macho matano, ila aliniomba nipunguze foleni kwa sababu msomaji hataamini.

Kilichonisumbua kweli ni ile simu yenyewe. Mirihi ikiwa mbali nasi kabisa ni kilomita milioni 400 hivi, na mawimbi ya redio, ambayo yanakwenda kwa kasi ya mwanga, huchukua dakika 22 kufika. Maana yake, bando la dakika 20 linakwisha kabla "haloo" haijaingia sikioni mwa mama yake. Na sisi tunavyosalimiana! Uulize habari za siku nyingi, za nyumbani, za watoto, za kazi na za afya, kila moja ikisubiri jibu lake kwa dakika 44, na saa tatu na dakika 40 zitapita kabla hujasema kilichokufanya upige. Bando la siku nalo ni ugomvi mwingine, kwa kuwa siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa takribani dakika 40, na kampuni ninayoijua mimi haitazitoa bure dakika hizo.

Isitoshe, huyo mgeni angeniamkia kwa lugha gani? Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa lugha 55 kwa ajili ya yeyote atakayeiokota huko. Kisumeri kimo, ambacho hakina aliye hai wa kukiitikia. Kinyanja kimo. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo! Nilifanya kosa la kumsimulia jambo hili jirani yangu Mganda, na tangu hapo hapiti mlangoni kwangu bila kunisihi nijifunze mapema, kwani wageni wakitua mtaani kwetu ni yeye atakayewapokea, mimi nitawekwa kwenye kamati ya viti.