Siku ya kumwaga oili ya ekseli ya mbele, dereva alipwe

Sisi wenye matrekta huku kwenye mpunga wa Mabogini, Moshi, oili ya injini tunaijali sana. Saa 250 za kazi zikigonga tu, dumu linanunuliwa na filta inabadilishwa. Lakini muulize mtu oili ya ekseli ya mbele ilimwagwa lini mara ya mwisho, ataanza kuhesabu misimu kwa vidole.

Nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka juzi. Tulikuwa katikati ya kuvuruga tope kwenye majaruba ya mpunga, dereva wangu akaniita: "Mzee, njoo uone." Alikuwa amelizungusha gurudumu la mbele la kushoto mpaka nati ya kumwagia oili ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye gia ndani, ikawa chini kabisa, akailegeza. Kilichotangulia kutoka kilikuwa maji. Maji ni mazito kuliko oili, ndiyo maana yalikuwa yamelala chini. Ikafuata oili yenyewe, rangi ya chai ya maziwa, inashuka kwa kujivuta. Nikaichukua ile nati nikaifuta kwa kidole. Nati hizi nyingi zina sumaku, na kwa kawaida unakuta imeshika ugoro wa kijivu, laini kama unga. Huo usikutishe, ni gia zinalika kidogo kidogo. Mimi nilikuta vipande vya chuma, kimoja ukubwa wa ukucha wa mtoto.

Beringi zilikuwa zimekwisha. Trekta lililala siku nne, na wanaolima kwa zamu ya maji wanajua siku nne ni nini: mwenye jaruba zamu yake imepita, na hela yake ya kulimiwa amempa mwingine.

Kilichoingiza maji ni sili, ile pete inayozuia oili isitoke na maji yasiingie. Kwenye mpunga habu ya mbele inafanya kazi ndani ya tope kutwa nzima. Halafu kuna kile kipumulio kidogo juu ya ekseli, ambacho wengi hatukijui hata kilipo. Kikiziba kwa udongo, ekseli ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na kuisukuma sili. Ikiingia majini ikapoa ghafla, inavuta maji kupitia palepale. Kukisafisha ni kazi ya dakika tano.

Kitabu cha trekta langu kinasema oili hii ibadilishwe kila saa 1,000. Anayelima mahindi Kisongo akifuata hivyo simlaumu. Kwetu sisi tunaoshinda majini, naona ni kujidanganya. Msimu ukiisha, fungua.

Ila tatizo lenyewe si kitabu, ni malipo. Dereva tunamlipa kwa eka. Akisimamisha trekta nusu siku alale chini na spana, siku hiyo hana kitu cha kupeleka nyumbani. Halafu tunamwita mzembe! Mimi nasema alipwe siku hiyo kama siku ya kulima, tena aambiwe mapema, ili asiifanye kazi kwa haraka haraka jioni giza likiingia.

Maana ina utaratibu wake. Trekta litoke kazini oili ikiwa bado na joto, lisimame mahali tambarare. Kwenye matrekta mengi kuna sehemu tatu zisizochangia oili, difu, yaani kasha la gia la katikati ya ekseli, na habu mbili, kwa hiyo ukijaza difu usidhani habu zimepata. Habu unaimwaga nati ikiwa chini, kisha unazungusha gurudumu mpaka alama ya usawa ilale sawa, unajaza hadi oili ianze kuchungulia tundu. Kwangu kila habu inakula chini ya lita moja. Oili nayo usinunue kwa kusikia: kuna ekseli za oili ya gia ya 80W-90, na kuna zinazotumia oili moja na ya haidroliki. Hapo kitabu kiheshimiwe.

Na nawaomba madereva, mkipanda lami kwenda mjini, toeni foo wili, magurudumu ya mbele yasivutwe na injini. Kwenye lami magurudumu hayana pa kuteleza, mzigo wote unarudi kwenye gia za mbele.

Msimu huu nimemlipa dereva wangu siku nzima. Habu ya kushoto imetoa oili nyeusi, hakuna tone la maji. Ya kulia ina jasho pembeni ya sili, yeye ndiye aliyeliona. Sili mpya nimeiagiza mjini Moshi, tutaifunga kabla maji hayajafunguliwa.